Nondo za Faiba za Gati la Nildanga

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mokbul Gazi. Umri: miaka 71, au 73, mama aliyejua ameshakufa. Kazi: muuza chai. Makazi: Nildanga, wilaya ya Satkhira, Bangladesh.

Gati la Nildanga nimelijenga mimi. Afande, usinikodolee macho. Basi andika nilikuwa nawapikia chai waliolijenga.

Gati la zamani, maji ya chumvi yalizila nondo zake zikawa unga mwekundu. Safari hii zikaletwa nondo za faiba, zisizoshika kutu. Marehemu Torab Morol, fundi nondo na rafiki yangu tangu utotoni, alibeba fungu zima begani akacheka, "Mokbul, hizi nyepesi kuliko ahadi zako!"

Zile za kona hutakiwa zitoke kiwandani zimeshapindwa. Hazikufika. Mnamo tarehe 9 Februari mwaka huu, asubuhi, msimamizi wa kazi, Habul, alimwambia Torab, "Mzee, chuma umekipinda maisha yako yote, plastiki ndiyo ikushinde?" Torab akawasha moto, akazipinda kwa bomba kama chuma. Zilinuka, zikachanika nyuzinyuzi kama mkia wa ng'ombe. Nilimsikia akisema, "Habul, baba, hizi zimekufa. Tungoje za kiwandani." Habul akamjibu, "Zege likishafunika nani ataona? Mwaga."

Kwetu, siku ya kutoa miti inayoshikilia zege, fundi nondo husimama chini yake kwanza na kunywa chai, watu waone anaiamini kazi yake. Tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi, nilimpelekea chai. Nikamwambia, "We mpumbavu, leo njoo uinywee kwangu." Akasema, "Nikikataa, Habul atamsimamisha mwingine. Lete kikombe."

Mti wa mwisho ulipotolewa, kona ilikatika. Wala haikutoa kishindo kikubwa. Chai alikuwa hajaimaliza.

Sasa Habul anatangaza kwamba Torab alizipinda kwa ubishi wake mwenyewe. Mimi nimewahi kuwadanganya wakwe, hata imamu, lakini si kwa hili. Vunjeni kona iliyobaki, mtaziona zilivyochanika. Msimzike na kosa la mtu mwingine.

Niliyoyaona ndiyo hayo. Limebaki moja: kile kitambaa cha bega mlichokichukua kuwa kielelezo ni changu, nilimfunika nacho uso. Afande, kila asubuhi unakunywa chai kwangu na hujawahi hata kusema asante. Nirudishie, na usikifue.

Sahihi: M. GAZI

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ndivyo alivyosema. Nimemweleza kuwa kitambaa lazima kibaki kituoni hadi kesi iishe. Amekaa kwenye benchi la nje, anasema atangoja.
Mkaguzi Dipak Sarker