Kamba ya Sharka

Ginka, uko? Baba kamuuza Sharka, ng'ombe wetu wa mwisho. Na si hilo tu. Kampa mnunuzi NA KAMBA!

Na kamba, Ginka! Kwetu huku ng'ombe anauzwa, kamba inabaki, ili baraka ya mifugo isitoke nyumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha!

Nimelikimbilia lori la mnunuzi kwenye matope, na ndala za Mama, theluji nayo inaanza kudondoka. Mnunuzi kacheka mpaka basi: "Dada, mbio zote hizo kamba tu? Haya shika, mimi nina minyororo."

Nikarudi nahema. "Baba, ulisahau kamba."

"Sikusahau."

Hivyo tu. SIKUSAHAU.

Nikamwambia theluji ikiisha tutanunua ndama. Kaniangalia kwa huruma, eti mimi ndiye wa kuhurumiwa. "Nani atamlisha, mwanangu? Jumapili si unarudi zako mjini Sofia?"

Nikamnyooshea kamba.

Akaichukua. Nikadhani anaitundika kwenye msumari wake. Kaenda kufungia mlango wa zizi, akakaza kwa mguu.

Sasa hivi Mama katoka na ndoo ya kukamulia, mazoea tu. Amesimama mbele ya ule mlango. Baba anamwona dirishani, na hamwiti.