Kitambaa kisicho na jina la mtoto

Rugenge, Jumatano. Mvua imekatika, lakini mawingu bado yamekalia mlima.

Sasa hivi Riziki amejikuna shingo, akanitazama kama mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni, kisha akacheka. Meno yake mawili yakaonekana yote. Nikacheka naye. Halafu nikashusha kola ya kishati chake, na kicheko kikaniishia.

Vipele vitano. Asubuhi vilikuwa vitatu.

Ninaogopa. Ninaandika hapa kwa sababu kila mtu ninayeweza kumwambia, lazima kwanza nimwambie ujinga wangu. Babake Riziki ameenda Baraka kutafuta samaki wa kuuza, naye sijamwambia.

Ni juu ya kitambaa.

Tuko na groupe kwenye simu, sisi wamama kuanzia Uvira mpaka Kamanyola. Tunabadilishana vitu vya watoto vilivyokwisha kutumika: viatu, mabeseni, na sana sana vitambaa vya kubebea, vile virefu na vizito vya mitumba. Ukiweka foto ya kitambaa, unaandika chini yake kilimbeba nani na huyo mtoto anaendeleaje. "Kilibeba Josué, sasa anakimbiza kuku." "Kilibeba mapacha, wote wazima, mmoja mukaidi kama babake." Hakuna aliyetutungia hiyo sheria. Ilianza yenyewe, maana kwetu mama hapokei kitambaa cha mgongoni bila kujua kimetoka kwenye mgongo gani. Na tangu huu ugonjwa wa vipele uanze kuzunguka, hayo maneno ya chini ya foto tunayasoma kuliko foto yenyewe.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kamanyola aliweka kitambaa cha kijani, kizito, kama kipya. Alitaka kubadilishana na kikwembe tu, kitenge chochote, hata kilichopauka. Chini ya foto hakuandika kitu.

Nilijua wengine wataamka na kumuuliza. Kwa hiyo nikamwandikia pembeni, haraka, kabla hawajauliza: "Mama, nakitaka mimi, usimpe mwingine." Akajibu: "Sawa, dada." Akafuta foto.

Ilikuwa tamaa. Sina jina lingine.

Ijumaa nilimpa dereva wa taksi kikwembe changu akipanda, yeye akaniletea kitambaa akishuka, ndani ya mfuko mweusi. Ilikuwa Jumapili. Na mtu yeyote wa hapa anajua cha kufanya: nguo iliyotoka kwa watu unaichemsha, unaianika juani, unaipiga pasi ya makaa hata kwenye pindo, maana kuna wale nzi wanaotaga mayai kwenye nguo. Mama yangu angenichapa mbele ya mtoto wangu. Lakini mvua ilikuwa siku ya tatu. Jua hakuna, makaa yamelowa, na kikwembe changu cha kubebea ndicho hicho nilichokwisha kutuma Kamanyola! Siku mbili nilimbeba Riziki mikononi kama beseni la maji. Alikuwa analia, mimi pia karibu nilie. Nikakinusa kitambaa. Kilinuka sabuni. Nikasema basi, nikamfunga mgongoni.

Alilala palepale. Hata sikumaliza kufunga fundo.

Mama Esther, jirani yangu wa mlango wa pili, alinikuta nje nimejizungushia ule urefu wote akashika kiuno. "Mama Riziki, minye nilizani umevunjika mbavu, wamekufunga bandeji!" Tulicheka sana. Kisha akagusa kitambaa akauliza, kama anavyouliza kila mtu: "Kilibeba nani?"

"Kilibeba Furaha," nikasema.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri."

Hakuna Furaha. Nilimzua pale pale, nikampa na afya.

Jana jioni vikatoka vipele viwili. Nikajiambia ni joto. Leo asubuhi vitatu, na mwili una moto kidogo, sijui kama ni wake au ni mikono yangu. Ndipo maswali yakaanza kunijia yote pamoja. Kwa nini kitambaa kizuri hivi abadilishe na kikwembe kilichopauka? Kwa nini hakuandika jina? Kwa nini foto yake kwenye simu ni ua, wakati sisi wengine wote tumeweka watoto? Nilijijibu mwenyewe. Nikaona kabisa mtoto mwenye vipele mwili mzima, amefungwa ndani ya hicho kijani. Nikaona na shimo dogo.

Saa tatu nilimtumia sauti. "Mama, samahani. Mutoto aliyebebwa mu hiki kitambaa, bado iko?"

Alisikiliza, niliona. Akaanza kurekodi, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Nilifua nepi mbili nikizisugua mahali pamoja tu.

Kisha ikaja sauti yake, ya chini, kama mtu anayeongea karibu na watu waliolala.

"Dada, hakikubeba muntu. Nilikipata nikiwa na mimba ya miezi saba. Nikakichemsha, nikakipiga pasi, nikakiweka. Mutoto alikuja bila kulia. Sasa ungetaka niandike jina gani?"

Kuku mmoja akasikika.

"Nilitaka kitoke mu nyumba, lakini kiende kwa mutoto. Wako iko muzuri?"

Nitaandika ukweli, kwa sababu uongo nimeshausema wa kutosha: nilifurahi. Nilisema asante Mungu, kitambaa ni kisafi. Mtu ananieleza mtoto wake aliyekufa, na mimi ninashukuru. Kulia kulikuja nyuma, na haya ikaja nyuma zaidi.

Na woga haukuondoka, ulibadilisha mahali pa kukaa tu. Kama hivi vipele havikutoka kwenye kitambaa, vimetoka wapi? Sokoni? Kwangu mimi? Na ninawajua wamama ambao wangeniambia nikifungue sasa hivi, kwamba kitambaa kilichomngoja mtoto asiyekuja hakimbebi mwingine. Sijui kama ninaamini. Nilikivua. Riziki akalia. Nikamfunga tena, akanyamaza, akapumua kwenye mgongo wangu. Nimeshindwa kukichukia.

Ninaogopa kwenda kuonyesha hivi vipele. Ninaogopa wasije wakamweka peke yake, nyuma ya mlango. Ninaogopa wasije wakasema kila kitu alichogusa kichomwe. Lakini ninaogopa zaidi kuhesabu kipele cha sita nikiwa nimekaa hapa ninaandika. Kwa hiyo tunakwenda, leo, na muganga wa hospitali nitamwambia yote: mfuko mweusi, mvua, kutochemsha, yote. Nimemwomba Mama Esther atuitie pikipiki, atusindikize. Hajui bado tunakwenda wapi. Ameniuliza tu kwa nini macho yangu yako hivyo.

Lililobaki ni kumjibu yule mama. Tangu saa tatu swali lake liko kwenye simu yangu: wako iko muzuri? Nimeanza mara nne. Nikiandika "iko muzuri", nitakuwa nimemzua mtoto wa pili. Nikiandika "iko na vipele", nitamtuma tena kule alikotoka, atajua kwamba ndani ya kitambaa chake hata mtoto wa mwingine hakupona. Hajapona bado, ninasema. Hata hatujajua anaumwa nini. Pengine ni joto. Watoto wangapi wanatoka vipele vya joto na mvua hii?

Mama Esther ananiita barabarani: "Mama Riziki! Huyu wa pikipiki anangoya, weye uko unapaka poda?"

Njiani nitamwambia Mama Esther kwamba hakuna Furaha. Halafu tukitoka kwa muganga, hata akisema nini, yule mama nitamjibu kwa sauti yangu, siyo kwa kuandika, nitamwambia kwamba Riziki... Pikipiki inapiga honi, nitamaliza nikirudi.