Mahali Petu Kwenye Misonobari

Riedwaan na Shireen,

Kwenye gari mlilopakia hamna kiti changu cha kukunja, hamna blanketi langu, hamna hata kikombe changu cha bati. Samaki wa siki wa Pasaka wamo.

Asubuhi mlidhani nimelala. "Usimwambie mzee bado," Shireen, ulinong'ona. "Tumpeleke kwa dada yake. Mgongo ule utalala chini kweli?" Mkwe wangu, mgongo huu umepiga hema kila Pasaka tangu mumeo hajazaliwa. Na ni nani aliyewaambia kambi ni nafuu kuliko nyumba ya kupanga ufukweni, kama si mimi?

Mmesahau pia nani hutangulia kushika mahali petu kambini kabla majirani zetu wa huko, akina Davids, hawajatandaza maturubai yao. Basi natangulia, kwa treni.

Nuraan mpeni hema dogo, ni msichana mkubwa sasa. Zaid anaogopa giza, atalala karibu nami. Maziwa ya mtoto mchanga yako kwenye friji. Msiyasahau kama mlivyonisahau mimi.

~~Msinitafute.~~ Nitafuteni kwenye misonobari.

Bahasha naigundisha, jirani asichungulie. Vigingi vya mahema yote ninavyo mimi.

Baba yenu