Magige Kachagua Gari Kama Fahali

Dafroza, uko wapi? Huyu Magige kamwaibisha mke wake leo, masikini Tereza wa watu.

Walienda Nyamuswa kununua gari ya familia, ya kupelekea watoto shule. Magige akaizunguka kama fahali wa mnadani. Akaipigapiga ubavu. Ubavu, Dafroza. Boneti hakugusa.

Tereza akasema, "Iwashe kwanza tusikie injini."

Akajibiwa, "Wewe nyamaza. Mimi nachaguaga ng'ombe tangu enzi za foleni ya sukari. Hii hainywi mafuta kabisa."

Akalipa palepale.

Na kweli hainywi. Tereza kafungua boneti, injini hamna. Hamna, Dafroza.

Sasa hivi inavutwa na ng'ombe kurudi nyumbani. Tereza yuko nyuma, kajifunika kanga usoni. Bwana mkubwa kashika usukani, anapungia watu mkono.