Shairi Lako Limepata Baba

Mwalimu Felista,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua. Nilikuwepo wakikufukia, na mvua ilinyesha mpaka mchungaji akafupisha maombi, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu aliye hai. Nakuandikia kwa sababu nina hasira. Zamani nilikuwa nazileta hasira zangu hapa jikoni, unavuta kigoda, tunachambua maharagwe tukizichambua nazo hadi zinaisha. Leo nimechambua gunia nusu peke yangu. Haziishi.

Jana ilikuwa siku ya zawadi hapa shuleni. Shairi lako limetuzwa, Mwalimu! Wale watoto wako wamelikariri kwenye tamasha la shule, kuanzia huku kwetu Ikolomani hadi ngazi ya taifa, wakarudi na nafasi ya pili na kikombe ambacho karani anakipangusa kila asubuhi kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimeanza kufurahi. Kisha nikachukua karatasi ya ratiba, nikasoma: "Mtunzi na mkufunzi: Mwalimu Mkuu."

Hata mwaka hujamaliza kaburini, na shairi lako limeshapata baba.

Mimi nilikuwepo siku lilipozaliwa, kwa hivyo mtu asinieleze. Ilikuwa Jumamosi, kwa Kukhu Tabitha, yule bibi anayeishi peke yake chini ya shule. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umepasuka mpaka kuku wanaingilia hapo badala ya mlangoni. Ulikuwa na desturi yako: Jumamosi moja kila mwezi unawachukua watoto, mnakwenda kumkandikia nyumba mzee asiye na mtu. Watoto wakabeba maji na samadi, mimi nikabeba uji. Ukavua viatu, ukavipanga juu ya jiwe, ukaingia kwenye udongo. Hakuna mtoto aliyethubutu kuingia kabla yako. Mkaanza kukanyaga, na katika kukanyaga mtoto mmoja akatoa mstari, mwingine akamjibu, nawe ukawa unapiga kelele, "Ngojeni, ngojeni! Hebu rudia hiyo!" Mikono yako ilikuwa na matope hadi kwenye viwiko, ukaniomba mimi niuandike ule mstari nyuma ya pakiti ya unga. Mimi, na ule mwandiko wangu wa kuku aliyekanyaga jivu.

Kumbe kule kwenye tamasha majaji wamesifu eti "miondoko ya kiasili". Miondoko gani? Ni udongo wa Kukhu Tabitha.

Unajua pia nilivyojua kusoma. Shule hii ilinifundisha bila kukusudia. Karatasi zote zisizotakiwa huletwa jikoni niwashie moto, na mimi siwezi kuchoma kitu kabla sijajua ni nini. Nilianza na mitihani ya watoto wadogo, nikapanda polepole hadi kumbukumbu za mikutano ya bodi, na nikagundua kwamba zile za watoto zilikuwa na akili zaidi. Ulikuwa ukinicheka: "Mama Alusa, wewe umesoma kuliko sisi sote, ila umesomea kwenye moshi."

Sasa sikiliza. Wiki moja baada ya mazishi yako karani aliniletea katoni. "Washia tu, mama. Ni takataka za yule mwalimu wa bodi." Yule mwalimu wa bodi! Umefundisha hapa miaka tisa, umeajiriwa na bodi ya shule wala si serikali, kwa mshahara wa kubahatisha, na hata kwenye katoni ya kuwashia moto hukuwa na jina.

Ndani mlikuwa na daftari lako la kijani. Shairi limo, kurasa nne, limekatwakatwa kama sukuma wiki. Mahali ulipokuwa umeandika kwamba ufa wa ukuta una machozi, umefuta, ukaandika una masikio, na pembeni kwa penseli: "Kukhu hakulia. Alikuwa anasikiliza." Nilikaa chini. Maharagwe yakaungua siku hiyo, watoto wakayala hivyo hivyo, nikasingizia kuni mbichi.

Lakini Mwalimu, daftari zima, mbele na nyuma, hakuna jina lako! Hapo ndipo nilipokukasirikia wewe pia, na bado sijakusamehe. Nilikwambia mara ngapi? Nawe unajibu, "Jina la nini, Mama Alusa? Watoto wananijua." Haya. Watoto wanakujua. Cheti hakiandikwi na watoto.

Basi jana. Kuku kumi na wawili walichinjwa kwa ajili ya mgeni wa heshima, ambaye alichelewa hadi kuku wale wakawa wametunzwa vizuri kuliko watoto. Kuku walikuwa kivulini, watoto walikuwa juani. Alipofika, tukahutubiwa. Walikuwa wamemleta Kukhu Tabitha, wakamketisha mbele na blanketi jipya mabegani, ili picha nazo zipate mzee. Mwalimu mkuu akamshika bega, akaeleza kwa kipaza sauti jinsi yeye mwenyewe alivyoanzisha huduma ya kukandikia wazee, jinsi anavyowalea watoto wetu katika unyenyekevu.

Kukhu akamtazama kuanzia utosini hadi viatuni. Akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu naye, "Huyu ni nani? Kwangu huyu hajakanyaga. Yule mwalimu wangu alikuwa anakujanga na matope mpaka magotini. Yuko wapi?"

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu akacheka kuliko wote, akampapasa kichwa kama mtoto. "Wazee wetu ndivyo walivyo, husahau. Tumpigie makofi."

Na wakapiga! Walimu uliokula nao, waliokuja matangani wakilia hadi wakashikwa mikono, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Sikupiga. Lakini pia sikusema neno, Mwalimu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kuliko uongo wa yule bwana.

Kisha akatangaza kwamba shairi ataliongoza mwenyewe. Mpiga picha alikuwa tayari. Kule kwenye tamasha Mideva, yule msichana wako wa Gredi ya Sita, ndiye aliyekuwa akisimama mbele. Anavua viatu, wenzake wanamfuata, wanaanza. Jana aliambiwa arudi safu ya pili. Mwalimu mkuu akainua mikono kama mtu wa kwaya ya kanisani.

Kimya.

Akainua tena, juu zaidi. Kimya. Watoto wote walikuwa wamekazia macho viatu vyake, vile vyeusi vyenye ncha, ambavyo jana vilikuwa vimepakwa rangi hadi vinaakisi hema la wageni.

"Anzeni! Nyinyi mna nini?"

"Mwalimu," Mideva akasema, "bado hujavua viatu."

"Viatu vya nini?"

"Vya kuanzia. Anayeongoza ndiye anavua kwanza. Mwalimu Felista alipotunga hili shairi alituambia hakuna kuingia kwenye udongo kabla yake."

Hakupaza sauti, wala hakuwa na kiburi. Alikuwa anamwelekeza mtu mgeni, basi. Lakini kile kipaza sauti kililichukua jina lako, kikalipitisha juu ya mabati ya madarasa, nadhani lilisikika hadi barabara ya Iguhu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mheshimiwa akageuka akamuuliza naibu wa mwalimu mkuu, "Felista ndiye nani?" na naibu akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo.

Mwalimu mkuu hakuvua. Alibaki amesimama na mikono yake hewani. Mideva akatoka safu ya pili, akavua vyake, akavipanga vizuri kando, na wote wakavua. Walikanyaga ule uwanja, mama yangu! Vumbi likafika meza ya wageni, likaingia kwenye chupa za soda. Kukhu Tabitha akawa anapiga goti lake kwa kiganja, akifuata. Kwa muda ule mfupi hasira yangu ilikwenda mahali, sijui wapi.

Ilirudi upesi. Ukidhani mambo yaliishia hapo, umeshaisahau shule yetu. Cheti cha mtunzi alipewa yeye. Cha huduma kwa jamii akapewa pia, mkono wa pili, wa kwanza ukiwa umejaa. Na wageni walipoondoka, Mideva aliitwa akaambiwa Jumatatu asiingie darasani bila mzazi, kwa kosa la kumwaibisha mwalimu mkuu mbele ya watu. Wanataka kumtoa kwenye kikundi cha shairi. Mzazi yupi? Mama yake unajua yuko Lumakanda, anavuna mahindi ya watu, na kurudi kwake ni mpaka msimu uishe. Kosa la mtoto ni kwamba alikumbuka.

Daftari lako nimempelekea dada yako leo, mkononi mwake, si kwa kutuma mtu. Lakini kabla ya hapo nimelinakili shairi lote nyuma ya karatasi yao ya ratiba, kwa ule mwandiko wangu, na chini nikaandika jina lako lote, herufi kubwa. Nimelibandika kwa uji mzito kwenye dirisha la kugawia chakula. Foleni yetu unaijua. Mtu akisimama pale na sahani anaweza kumaliza Agano Jipya. Watasoma. Na atakayekuja kulibandua itabidi apite kwangu, na mimi ndiye ninayepima nyama.

Hiyo ni kazi ya leo, na ni rahisi, karatasi haimtazami mtu usoni. Jumatatu Mideva hataingia ile ofisi peke yake. Mzazi atakuwa mimi. Nitasema nilichokiona pale kwa Kukhu na nilichokisoma, na nitakisema nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Naogopa, nisikudanganye. Alusa wangu bado yuko sekondari, na jiko hili ndilo linalomsomesha. Lakini mtoto wa umri ule amesema ukweli mbele ya mheshimiwa mzima, nami mtu mzima nikashikilia mwiko kama niliyegandishwa nao. Siwezi kulirudia hilo nikaendelea kuwapakulia watoto wale nikiwatazama machoni.

Sitakuambia upumzike, hukuwa mtu wa kupumzika na sitaki uanze sasa. Nenda salama, Mwalimu wangu. Nakuahidi mtoto wako hatatolewa kimya kimya. Ofisi inafunguliwa saa mbili, saa ambayo huwa nainjika githeri, yale mahindi na maharagwe ya watoto. Jumatatu chakula kitachelewa. Wakiuliza mpishi yuko wapi, waambiwe yuko kwa mwalimu mkuu, anaongea.

Mimi,
Jescah, Mama Alusa, wa jikoni