Nimekula Chakula cha Posa, Kumbe Nimo Nyumbani Kwangu

Bi Hasina, mwanangu mshauri, salamu aleikum. Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kuna wachu wanakuja kwangu kuchukua jibu na jibu sina, yaani ninalo lakini limekaa hapa kooni kama mwiba wa samaki changu. Kusoma sijui. Nasema mimi, anaandika Fadhila jirani yangu kwenye simu yake, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, wachu asigeuze watu, asinipambe, naye kanambia bibi, sema pole pole, kidole kinauma. Majina muyabadilishe mkitaka kunisoma redioni, mimi sitaki kumuaibisha mchu.

Mimi ni mchu wa kisiwa cha Chovai, nimezaliwa huko, nikaolewa Kisimayo mjini na marehemu Mukhtari, fundi wa mashua, mchu wa maneno machache, mimi ndiye niliyekuwa nasema kwa niaba yetu wote wawili. Tulikaa nyumba ya mawe karibu na bandari, aliijenga baba yake, mpaka vita vilipokuja tukakimbia na wana wetu wawili, Mahmudi alikuwa keshabaleghe na Idarus bado namfunga mgongoni, tukafika Mombasa kambini, na huko huko Mukhtari akafa, na baadaye Mahmudi naye akafa akaniachia msichana mdogo, Sumeya, mama yake akaolewa kwengine. Niliporudi Kisimayo nikaambiwa nyumba yenu ilipigwa ikaanguka, mtaa wote umegeuka, hata njia utaipotea. Nikaamini. Sikwenda kuangalia. Kuamini kulikuwa rahisi kuliko kwenda.

Sasa Sumeya kawa msichana mkubwa, anauza katika duka la dawa, hasemi mno, hilo la kusema mno kaniachia bibi yake. Kaposwa na kijana anaitwa Abdisalam. Baba yake, Mansur, ndiye mwenye ile hoteli kubwa ya mjini yenye vioo mbele, ambayo magari ya wakubwa yanasimama nje. Walii wa Sumeya ni ami yake, huyo Idarus wangu, mvuvi, anakaa kisiwani Koyama, na Idarus kasema wazi, mama, wewe ndiye uliyemlea, ukisema ndiyo namuoza, ukisema siyo sitakuuliza kwa nini. Kwa hiyo neno ni langu peke yangu.

Na kwetu visiwani, bibi wa msichana hatii kitu mdomoni kwa wachu wa posa mpaka awe keshajibu. Hata maji. Akila, amekubali, hakuna maneno tena. Bibi yangu mimi alikaa kisiwani Ngumi kutwa nzima katika nyumba ya wachu na njaa yake, wakamletea kaimati, wakamletea pweza wa nazi, akatazama tu, na jua lilipopinduka akainuka akasema hapana, na alikuwa anapenda pweza yule bibi, hajapata kuonekana mchu anapenda pweza vile, lakini hayo tuyaache.

Basi Mansur akatualika chakula cha mchana, Ijumaa baada ya sala, hotelini kwake. Nikasema siendi, nikienda nitakula. Sumeya akanambia, "Bibi, hoteli si nyumba ya mchu. Anayelipa anakula, asiyelipa anaondoka. Ni kama soko." Nikamwambia sokoni hupewi kitambaa kilichokunjwa kama ua. Akacheka. Na mimi nikaenda, Bi Hasina, nitakwambia kweli, nilikuwa nataka kuiona ndani, miaka yote napita kwa mbali nasikia harufu ya nyama tu.

Mbele ni vioo na baridi ya mashine, nikajifunga shungi vizuri. Wanawake na jamaa hukaa ndani kabisa, chumba chenye pazia, ndipo tulipowekwa, mimi, Sumeya, Mansur na mkewe Zamzam, na kijana mwenyewe. Nikapewa kitabu cha vyakula, kizito, nikakishika kwa mikono miwili kama msahafu mpaka Sumeya akakichukua. Ikaja sahani ya samaki, wali na ndizi, na basbasi, ile pilipili ya kusaga, kali, katika kibakuli kidogo kama cha mwanasesere. Samaki hana kichwa. Nikamuuliza weita, mwanangu, kichwa kiko wapi? Akaniita bibi kwa Kisomali, akasema, "Ayeyo, vichwa tunatupa, wateja hawapendi kutazamwa." Nikamwambia samaki asiye na jicho nitajuaje kavuliwa lini. Zamzam akacheka kwa adabu. Lakini yule kijana Abdisalam aliinuka bila neno akaingia jikoni, akarudi na kichwa katika sahani peke yake, akakiweka mbele yangu kama anavyowekewa mkubwa wa nyumba, akasema, "Tazama jicho, bibi." Jicho lilikuwa jeupe safi, samaki wa asubuhi ile. Nikamla. Nilimla vizuri, siwezi kusema uongo.

Nilikuwa nimefika kwenye shavu la samaki nilipoinua macho ukutani. Ukuta ule wameuacha wa kale, una vidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu, wamevitia taa ndogo ndogo na mabirika ya shaba. Vyote vimekaa sawa isipokuwa kimoja, chini upande wa kushoto, kidogo kuliko vyenzake, kimepinda. Zamzam akaona naangalia, akasema, "Kile kimoja, Ayeyo, fundi wake alikuwa na jicho moja." Mansur akasema, "Au alikuwa anakimbilia chakula." Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Fundi wake ni Mukhtari. Alikuwa fundi wa mbao, mawe hakuyajua, alinitobolea kidaka kile mwenyewe nikiwa na mimba ya kwanza, niweke wanja na udi nisiwe nainuka. Na mwana yule, mwanamume, alipozaliwa hakulia. Zamani kwetu mwana asiyelia hapelekwi makaburini, huzikwa ndani ya nyumba, karibu na mamake, asiwe peke yake. Mukhtari alimzika chini ya kidaka, kwenye sakafu, kwa mkono wake. Mkunga alijua, Mukhtari alijua, mimi nilijua. Nimebaki mimi. Mahmudi hakuambiwa. Idarus hajui mpaka leo. Fadhila hapa kaacha kuandika, nimemwambia andika.

Meza yetu ilikuwa pale pale, Bi Hasina. Miguu yangu na viatu vyake ilikuwa juu ya mwanangu.

Nikavua viatu chini ya meza taratibu. Zamzam akaona, akasema, "Viatu vinakubana, Ayeyo?" Nikasema vinanibana. Mansur akawa anaeleza, mchu mkunjufu, hana kiburi, akasema, "Nilinunua gofu hili kwa mchu, lilikuwa halina mwenyewe, popo tu. Kuta hizi nimeziacha, wageni wanazipenda." Halina mwenyewe, na mimi nimekaa mbele yake na mafuta ya samaki kidevuni. Mdomo huu unaosema kutwa, siku ile haukusema. Wakaleta halua nikala, wakaleta chai nikanywa, kwa sababu mkono ukisimama wangeniuliza una nini. Tulipoinuka Mansur akatabasamu akasema, "Nasikia kwenu bibi akila, kajibu." Nikamwambia nitasema wiki ijayo. Nikatembea mpaka nje viatu nimevishika mkononi, Sumeya akaona haya, akanivika barabarani.

Sasa nisaidie, mwanangu. Kama nimekula kwa wachu wa posa, nimekubali, na sina ruhusa kurudi nyuma. Lakini kama ile ni nyumba yangu, basi nimekula nyumbani kwangu, sijala kwa mchu, sijajibu kitu. Ni lipi? Nikisema, Sumeya atavunjika, na anampenda, naona namna anavyonyamaza akitajwa, kunyamaza kwengine. Nikinyamaza, nimemuoza mwana wa mwanangu kwa mchu anayeweka meza juu ya mwanangu. Usiku silali, nasikia viti vinavutwa.

Ni mimi, Mwanapili.

*

MSHAURI ANAJIBU

Bibi Mwanapili, pole kwa mwanao. Natanguliza hilo kwa sababu katika barua yote hukusema kama kuna mtu aliyewahi kukupa pole yake, na nadhani hayuko. Majina tumeyabadilisha kama ulivyotaka. Sasa Fadhila akusomee hili taratibu, nawe usimkatize.

Kwanza acha huo mzani wa kupima ulikula kama mgeni au kama mwenye nyumba. Unatafuta mlango wa nyuma. Ulijua hoteli ni ya nani, ulijua mila, ukamwachia Sumeya akutolee ruhusa kwa sababu ulitamani kuona ndani. Hilo ni kosa lako, dogo, lakini lako. Hata hivyo mila ile iliwekwa ili bibi asijibu kwa tumbo kabla hajajibu kwa akili. Haikuwekwa ili bibi azibwe mdomo kwa tonge. Ulipoanza kula hukujua umekaa wapi, na asiyejua anachoulizwa hajajibu. Posa bado imo mikononi mwako. Na nyumba hukuiuza kwa kichwa cha samaki.

Kosa lako kubwa ni jingine. Ulimzika mtoto yule mara moja na Mukhtari, na baada ya hapo ukamzika kila siku peke yako, mpaka watoto wako wakakua hawajui kuwa walikuwa na kaka. Unamlaumu Mansur kwa kusema gofu halina mwenyewe. Nani alimwambia lina mwenyewe? Ulirudi mjini ukasikia nyumba imeanguka, hukwenda hata kutazama mawe. Nakuelewa, vita vilitufanya sote tuogope kutazama. Lakini usimhukumu mtu kwa jambo ambalo wewe peke yako unalijua.

Leo, kabla hujala cha jioni, mketishe Sumeya chumbani mwambie yote, pamoja na kidaka na vicheko. Usimwambie huku unapika. Kisha mwite Idarus avuke kutoka Koyama, na yeye umwambie uso kwa uso, si kwa simu, na umshike mkono unapomwambia, kwani mwanamume akisikia jambo kama hilo huinuka haraka. Ijumaa usiifute. Mansur aje kwako, na mtoto wake, na mtu mzima mmoja wa mtaa anayemcha Mungu. Usiende hotelini. Na safari hii usile wala usinywe mpaka umalize kusema.

Usianze na nyumba. Anza na mtoto. Mwambie Mansur kwamba fundi wa kile kidaka aliitwa Mukhtari na alikuwa na macho mawili. Mwombe kitu kimoja tu, kwamba meza iondoke pale na viatu visipite pale. Jinsi ya kupafunga au kumhamisha mtoto, muulizeni sheikh, hapo mimi sina elimu. Halafu nyamaza, najua ni kazi ngumu kwako, umtazame. Akiuliza kwanza atapoteza wateja wangapi, umejua ni nyumba gani unayompelekea mjukuu wako. Akiinamisha kichwa, umejua pia. Na usimtazame baba peke yake. Aliyeingia jikoni kukuletea kichwa cha samaki ni kijana, na ndiye anayeoa. Mtazame yeye zaidi.

Haki ya nyumba ina siku yake. Idarus awatafute wazee waliobaki wanaojua ilikuwa ya nani, awatafute sasa wangali hai, apeleke shauri lake kwa wanaoamua mashauri ya nyumba. Usiitie ndani ya mahari. Kumuoza Sumeya hakutaifuta, na kumnyima mume hakutakurudishia hata jiwe.

Unasema unaogopa kumvunja. Hebu fikiri anavyoolewa hajui, anakaa katika chumba kile kila Ijumaa na watoto wake, anawasimulia hadithi ya fundi mwenye jicho moja, nao wanacheka, na wewe uko pembeni umevua viatu na hakuna anayejua kwa nini. Hapo ndipo utakapokuwa umemvunja.

Sumeya ana ami wawili, Bibi. Mmoja yuko Koyama anangoja neno lako. Mwingine yuko chini ya meza ile. Usimuoze kwa idhini ya mmoja huku umemficha wa pili.