Mstari Mwekundu Wenye Jina Lako

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Goti la mama limepata nafuu. Ule ukurasa nilioutengeneza kazini, unaoonyesha, kwa mstari mwekundu wenye jina la mtu, badiliko lipi la msimbo wa kompyuta limeifanya programu iwe nzito, bosi anausifu mpaka leo. Si ndio uliokufukuzisha kazi?

Jumatatu niliuboresha, nikaona kosa langu. Programu hupimwa mara moja tu kwa siku, na ukurasa ulimtwika lawama aliyeleta badiliko la mwisho. Siku ile wa mwisho ulikuwa wewe. Aliyeharibu alitangulia asubuhi: mimi.

Nimeshaurekebisha. Bosi sijamwambia, maji yakimwagika hayazoleki. Kiti chako cha dirishani, ninachokalia mimi sasa, kina upepo mzuri.

Mpigie mama simu. Anaamini ulizembea, nami sijambishia.

Dada yako akupendaye